Hugh Alexander: bingwa wa sataranji aliyezikwa na siri yake

Tarehe 15 Februari mwaka 1974, mjini Cheltenham, magharibi mwa England, alifariki dunia Conel Hugh O'Donel Alexander, akiwa na umri wa miaka 64. Waingereza wengi walimfahamu kama bingwa wa mchezo wa sataranji, aliyetwaa ubingwa wa taifa mara mbili na kuandika safu za mchezo huo katika magazeti makubwa ya nchi. Kuhusu kazi yake ya mchana, ile iliyomlipa mshahara kwa zaidi ya robo karne, umma uliambiwa tu kwamba alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje.

Miezi michache baadaye, mwaka huo huo wa 1974, kitabu cha afisa mstaafu wa ujasusi, F. W. Winterbotham, kiliufunulia ulimwengu kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa ikisoma maandishi ya siri ya Ujerumani. Alexander hakukiona kitabu hicho. Alikuwa miongoni mwa watu wachache waliojua hasa jinsi kazi ile ilivyofanyika, na aliondoka bila ya kuwa na ruhusa ya kumsimulia jirani yake.

Leo, kijana anayetaka kujifunza namna ya kuifundisha kompyuta kucheza sataranji hukutana mapema na kanuni moja ya kupima ushahidi: lini mtu aseme kwamba ameona ya kutosha, na lini aendelee kungoja. Kanuni hiyo hufundishwa bure, mbele ya macho ya wote. Alexander aliifahamu nduguye pacha wa kanuni hiyo tangu mwaka 1941, na huenda hapakuwa na mtu mwingine aliyeitumia kwa ustadi kama wake. Lakini yake ilikuwa chini ya kufuli.

Yatima katika mji wa viwanda

Alexander alizaliwa Cork, kusini mwa Ireland, tarehe 19 Aprili 1909. Baba yake alikuwa profesa wa uhandisi katika chuo kikuu cha mji huo. Profesa huyo alifariki mwaka 1920, wakati Ireland ikiwa katika vita vya kudai uhuru wake, na mjane akawachukua watoto wake na kuvuka bahari kwenda kuishi Birmingham. Hugh alikuwa na umri wa miaka 11.

Birmingham ya wakati ule ilikuwa mji wa karakana. Kalamu za chuma, vifungo vya nguo, vito, bunduki na baiskeli, vyote vilitengenezwa humo, mara nyingi katika vyumba vidogo vya uani, ambamo fundi alijifunza kwa kumtazama fundi mwenzake. Ni mji uliowahi kuonja pande zote mbili za jambo hili. Katika karne ya 18 wanasayansi na wenye viwanda wake walikutana nyakati za mbalamwezi na kupeana maarifa bila ya kinyongo. Hata hivyo, mmoja wao, James Watt, aliishikilia haki miliki ya injini yake ya mvuke tangu mwaka 1769 hadi 1800, na wahandisi wengine waliotaka kuendeleza fikra ile walilazimika kusubiri au kwenda mahakamani.

Mtoto Hugh alipelekwa katika shule ya King Edward, iliyoanzishwa mwaka 1552. Enzi zake ilikuwa bado katika jengo kubwa la mtindo wa Kigothi, mtaa wa New Street, katikati ya mji. Jengo hilo lilibomolewa katika miaka ya 1930, na shule ikahamia Edgbaston. Humo ndimo alimosoma pia J. R. R. Tolkien, mwandishi wa hadithi, na ndimo alimokuja kusoma baadaye Tony Miles, aliyekuwa mwaka 1976 Mwingereza wa kwanza kuzaliwa nchini humo na kupata cheo cha Bingwa Mkuu kwa kucheza sataranji ubaoni. Hugh alivutwa na mambo mawili, hisabati na sataranji, na mwaka 1926 akawa bingwa wa wavulana wa Uingereza.

Hisabati au sataranji

Mwaka 1928 alikwenda chuo cha King's, Cambridge, kusoma hisabati, na alifaulu katika daraja la kwanza. Hakubakishwa chuoni kuwa mtafiti. Inasemekana sababu ilikuwa zile saa nyingi alizokesha mbele ya ubao wa miraba 64. G. H. Hardy, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ile, anasimuliwa kuwa alimtaja Alexander kama mwanahisabati wa kweli pekee aliyemjua ambaye hakuifanya hisabati kuwa kazi yake. Sifa hiyo, ukiitazama vizuri, ina majuto ndani yake.

Akawa mwalimu. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1938 alifundisha hisabati katika shule ya Winchester, na wakati wa likizo alicheza mashindano. Katika mashindano ya Hastings ya mwaka 1937 hadi 1938 alimaliza nyuma ya Samuel Reshevsky wa Marekani, akigawana nafasi ya pili na Paul Keres wa Estonia, na akiwaacha nyuma Reuben Fine na Salo Flohr, ambao wakati huo walihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa duniani. Mwaka 1938 akawa bingwa wa Uingereza. Mwaka huo huo aliacha ualimu na kuajiriwa kama mtafiti katika kampuni ya maduka ya John Lewis, London. Wapo waliosema kwamba mtu huyu, ambaye kwa kawaida mavazi hayakumshughulisha, hakufanana hata kidogo na biashara ya vitambaa.

Agosti 1939 alikuwa Buenos Aires, Argentina, na timu ya England katika mashindano ya sataranji ya mataifa. Vita vikatangazwa Septemba, mashindano yakiwa yanaendelea. Timu ya England ilijitoa, na Alexander na wenzake Stuart Milner-Barry na Harry Golombek wakapanda meli kurudi nyumbani. Mashindano yaliendelea bila wao, na kombe likachukuliwa na Ujerumani. Wachezaji hao watatu wa England walikuja kukutana tena katika shamba moja lenye jumba kuukuu, Bletchley, kati ya London na Birmingham.

Banda Nambari 8

Bletchley Park ndipo Uingereza ilipokusanya watu wa kufumbua maandishi ya siri ya adui. Wajerumani waliandika ujumbe wao kwa mashine iliyoitwa Enigma, yenye magurudumu yanayozunguka na kubadilisha kila herufi kuwa nyingine. Mpangilio wa magurudumu ulibadilishwa mara kwa mara, hivyo jibu la leo halikumfaa mtu kesho kutwa.

Alexander aliwasili Februari 1940. Kwanza aliwekwa Banda Nambari 6, lililoshughulikia ujumbe wa jeshi la nchi kavu na la anga. Mwaka 1941 alihamishiwa Banda Nambari 8, lililoshughulikia jeshi la majini, chini ya Alan Turing, mwanahisabati aliyesoma chuo kile kile cha King's miaka michache baada yake. Filamu ya mwaka 2014 kuhusu Turing imemchora Alexander kama mkubwa mwenye kiburi aliyenyang'anywa cheo. Ukweli ulikuwa kinyume: alikuja kama msaidizi wa Turing, na walielewana.

Jambo lililokuwa mezani lilikuwa chakula cha watu. Uingereza ni kisiwa, na meli zilizoleta ngano, nyama na mafuta kutoka Marekani na Canada zilikuwa zikizamishwa na nyambizi za Kijerumani katika bahari ya Atlantiki. Banda Nambari 8 lilipofanikiwa kusoma ujumbe wa nyambizi hizo kwa wakati, misafara ya meli ilielekezwa njia nyingine. Liliposhindwa, mabaharia walikufa majini.

Mashine kubwa za kutafuta mpangilio wa Enigma, zilizoitwa bombe, zilikuwa chache mno. Jeshi la majini la Ujerumani lilikuwa na magurudumu manane, na kila mara lilitumia matatu kati ya hayo. Ukihesabu namna zote za kuyachagua na kuyapanga, unapata 336. Kuzijaribu zote kwenye mashine kulikula saa ambazo hazikuwepo. Ikahitajika njia ya kupunguza orodha hiyo kabla ya mashine kuwashwa.

Njia hiyo ilibuniwa na Turing, na ikapewa jina la utani la Banburismus, kwa sababu karatasi ndefu zilizotumiwa zilichapishwa katika mji wa Banbury. Kila ujumbe wa siri ulitobolewa matundu kwenye karatasi yake. Kisha karatasi mbili zilipandanishwa na kusogezwa hatua kwa hatua, na mtu akahesabu ni mara ngapi tundu la juu lilikutana na tundu la chini. Jumbe mbili zilizoandikwa kwa mpangilio unaofuatana zilikutana mara nyingi zaidi kidogo kuliko zile ambazo hazikuwa na uhusiano. Tofauti ilikuwa ndogo, na kwa jozi moja pekee haikuthibitisha kitu.

Hapa ndipo ilipo fikra yenyewe. Turing aliupa ushahidi kipimo, kama vile muuza duka anavyokuwa na mawe ya mizani. Mkutano mmoja wa matundu uliongeza uzito kidogo upande wa ndiyo. Kukosekana kwake kuliongeza kidogo upande wa hapana. Uzito wa jozi hii ulijumlishwa na wa jozi ile, haba na haba, mpaka upande mmoja uvuke mstari uliowekwa kabla. Ukivuka, kazi husimama na uamuzi hutolewa. Usipovuka, huendelea kuhesabu. Hakuna aliyeamua tangu mwanzo ni ushahidi kiasi gani utahitajika. Ushahidi wenyewe ndio uliosema basi.

Turing alibuni, lakini kwa maelezo ya wenzake Alexander ndiye aliyekuja kuwa hodari kuliko wote katika kuifanya. Bila shaka sataranji ilimsaidia. Mchezaji mzuri hana uhakika kwamba hatua yake ni sahihi. Ana dalili nyingi ndogo, farasi aliyekaa vizuri, mfalme aliyeachwa wazi, na lazima azijumlishe na kuamua kabla saa haijamwishia. Alexander alicheza hivyo, kwa kasi na kwa kuthubutu, na alizisoma karatasi za Banbury kwa jicho hilo hilo.

Tena hakuifanya kazi hiyo peke yake. Banda lilifanya kazi kwa zamu tatu, usiku na mchana. Wasichana wengi, ambao majina yao hayatajwi mara kwa mara vitabuni, walitoboa, walisogeza na walihesabu. Wa zamu ya usiku alimwachia wa asubuhi meza yenye hesabu nusu, na wa asubuhi aliendelea palipoachwa bila kujali nani angesifiwa. Mwalimu yule wa Winchester aliipanga kazi hiyo vizuri kiasi kwamba Turing alipokuwa akiitwa zaidi kwenye utafiti mwingine, uongozi wa banda ulimwangukia Alexander wenyewe. Inasimuliwa kwamba alitambua kuwa ni mkuu pale fomu moja ilipofika ikiuliza mkuu wa banda ni nani, naye akaona hakuna mwingine wa kumtaja. Uteuzi rasmi ulifanyika Novemba 1942.

Kabla ya hapo, tarehe 21 Oktoba 1941, Alexander, Turing, Milner-Barry na Gordon Welchman walifanya jambo ambalo watumishi wa serikali hawalifanyi: waliwaruka wakubwa wao na kumwandikia waziri mkuu, Winston Churchill, wakilalamika kwamba kazi inakwama kwa kukosa makarani na mafundi. Milner-Barry aliipeleka barua kwa mkono wake hadi Downing Street. Churchill aliamuru wapewe walichotaka bila ya kukawia.

Turing na mashine ya karatasi

Bletchley ilijaa wacheza sataranji, na Turing hakuwa mmoja wa walio wazuri. Golombek alikuwa akimshinda, kisha anaugeuza ubao, anachukua upande ule ambao Turing ameukatia tamaa, na kumshinda tena. Alexander, kwa upande wake, aliwafundisha wanaoanza. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Joan Clarke, mwanahisabati wa Banda Nambari 8, ambaye Turing alimtengenezea kete za udongo ili wapate kucheza.

Kutokana na mazungumzo ya mahali pale, Turing alianza kujiuliza iwapo ujuzi wa mtu kama Alexander unaweza kuandikwa kama orodha ya kanuni ambayo hata mashine isiyojua lolote ingeweza kuifuata. Alilijadili jambo hilo na Jack Good na baadaye na Donald Michie, wote wa Bletchley. Mwaka 1948, yeye na rafiki yake David Champernowne walikamilisha orodha hiyo. Kila kete ilipewa thamani: kitunda, ile kete ndogo ya mbele, alama moja, farasi tatu, askofu tatu na nusu, ngome tano, malkia kumi. Ziliongezwa alama kwa kete yenye njia nyingi za kwenda na kwa mfalme aliyelindwa. Kanuni zilitazama hatua chache mbele, zikajumlisha, zikachagua jumla iliyo bora.

Hapakuwa na kompyuta iliyokuwa tayari kuzipokea. Mwaka 1952, mjini Manchester, Turing mwenyewe alijifanya kompyuta. Kwa karatasi na kalamu alizifuata kanuni zake hatua kwa hatua, akicheza na Alick Glennie, na kila hatua ikimchukua kama nusu saa. Mashine ya karatasi ilishindwa katika hatua 29. Kabla ya hapo, Novemba 1951, Dietrich Prinz alikuwa ameiandikia kompyuta ya Ferranti mjini humo programu iliyoweza kutatua mafumbo ya kumfunga mfalme kwa hatua mbili tu.

La muhimu ni kwamba Turing alizichapisha kanuni hizo pamoja na mchezo mzima, kushindwa kwake kukiwemo, katika kitabu cha mwaka 1953. Claude Shannon wa Marekani alikuwa amefanya vivyo hivyo katika makala yake ya mwaka 1950. Tangu hapo yeyote aliyetaka kuanza alikuwa na pa kuanzia. Mwaka 2012 kanuni za Turing zilifufuliwa kwenye kompyuta na kuchezeshwa na Garry Kasparov mjini Manchester; Kasparov alishinda katika hatua 16, akawapongeza waliozitunga.

Hivyo nusu moja ya yale yaliyowazwa Bletchley, ile ya kuthamini kete, ilitoka nje mapema. Nusu ya pili, ile ya mizani ya ushahidi, haikutoka, kwa sababu kuieleza kungekuwa ni kueleza Enigma ilivunjwaje.

Maisha ya kificho

Baada ya vita Alexander alirejea John Lewis kwa muda mfupi, kisha mwaka 1946 akajiunga na GCHQ, shirika la serikali lililorithi kazi ya Bletchley. Mwaka 1949 akawa mkuu wa kitengo cha kufumbua maandishi ya siri, na akakaa katika cheo hicho hadi alipostaafu mwaka 1971. Aliandika historia ya ndani ya kazi ya Banda Nambari 8, kwa lugha safi ya mwalimu. Ilihifadhiwa katika makabati ya serikali kwa miongo kadhaa.

Sataranji ikawa ya mwisho wa wiki. Hata hivyo, Juni 1946, katika mechi kati ya Uingereza na Muungano wa Sovieti iliyochezwa kwa njia ya redio, wachezaji wakiwa London na Moscow, Alexander alimshinda katika mchezo mmoja Mikhail Botvinnik, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Hastings, mwanzoni mwa mwaka 1954, aliwafunga Wasovieti wawili, David Bronstein na Alexander Tolush, na kugawana nafasi ya kwanza na Bronstein huyo, aliyekuwa ametoka sare na Botvinnik katika mechi ya ubingwa wa dunia ya mwaka 1951. Mchezo wake na Bronstein ulikwenda hatua 120. Mwaka 1956 alitwaa tena ubingwa wa Uingereza, miaka 18 baada ya ule wa kwanza.

Lakini miji ambayo sataranji ilichezwa kwa kiwango cha juu kabisa, Moscow na mingineyo ya kambi ya Sovieti, ilikuwa haramu kwake. Mtu mwenye siri alizokuwa nazo hakuruhusiwa kukanyaga huko. Wasomaji wa safu zake katika Sunday Times na Spectator hawakuambiwa sababu. Alifika cheo cha Bingwa wa Kimataifa mwaka 1950, na hapo akaishia.

Mara moja alijitokeza hadharani kwa jambo lililohusu Bletchley, na hata hapo hakuweza kulitaja. Machi 1952 Turing alishtakiwa kwa uhusiano wake na mwanamume, jambo lililokuwa kosa la jinai wakati huo. Alexander, mkuu wa kitengo nyeti cha serikali, alisimama mahakamani kama shahidi wa mwenendo mwema wa rafiki yake. Hakuweza kuwaambia majaji mtu yule aliyekuwa kizimbani aliifanyia nini nchi yao. Turing alifariki Juni 1954.

Kanuni ile ile, mlango wazi

Wakati Turing na Alexander wakizisogeza karatasi za Banbury, mtakwimu Abraham Wald alikuwa akifikia fikra hiyo hiyo New York, mwaka 1943, bila ya kujua lolote juu yao. Wald alikuwa akitafuta njia ya kukagua zana za vita bila ya kupoteza sampuli nyingi. Yake nayo ilifanywa siri, lakini kwa miaka miwili tu. Vita vilipokaribia mwisho ilifunguliwa, na mwaka 1947 ikatoka kitabuni. Ndiyo maana ulimwengu unaijua kwa jina lake. Jack Good alikuja kueleza kazi ya Turing katika jarida la takwimu mwaka 1979, Alexander akiwa kaburini miaka mitano.

Kanuni ya Wald ndiyo iliyoko leo katika moyo wa Stockfish, injini ya sataranji ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zilizo na nguvu zaidi duniani. Stockfish ilianza mwaka 2008, pale Marco Costalba wa Italia alipoichukua programu huria ya Glaurung, iliyoandikwa na Tord Romstad wa Norway, na kuiendeleza. Joona Kiiski wa Finland naye akajiunga nao. Maandishi yote ya programu hiyo yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyanakili na kuyabadilisha, kwa sharti kwamba akiigawa programu aliyoibadilisha, maandishi yake nayo ayatoe. Sharti hilo si maneno ya mapambo: kampuni moja ya Ujerumani, ChessBase, ilishtakiwa mwaka 2021 na waandishi wa Stockfish kwa kuuza programu zilizotokana na kazi yao bila ya kulitimiza, na shauri likamalizwa kwa maafikiano mwaka 2022.

Swali gumu la watu hawa ni lile lile la Banda Nambari 8. Mtu anapoleta badiliko, tuseme thamani ya askofu iongezwe kidogo, utajuaje kwamba limeiboresha injini? Tofauti ni ndogo mno. Michezo kumi haitasema kitu, mia haitasema kitu. Mwaka 2013 Gary Linscott aliunda mfumo uitwao Fishtest. Injini ya zamani na yenye badiliko huchezeshwa zenyewe kwa zenyewe, maelfu kwa maelfu ya michezo ya haraka, kwenye kompyuta ambazo watu wa nchi mbalimbali wamejitolea kuziazima. Kila matokeo yanapoingia, uzito huongezwa upande wa ndiyo au wa hapana. Mstari ukivukwa, jaribio husimama. Badiliko hupokelewa, au hukataliwa.

Mara nyingi hukataliwa, na hapo ndipo mwanafunzi anapopata faida. Kijana wa Mombasa au wa Kampala mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kulisoma badiliko lililoshindwa jana, aone lilifikiriwa vipi na lilianguka kwa kiasi gani, alijadili na aliyelileta, kisha ajaribu la kwake. Haulizwi cheti wala uraia, na kosa lake litabaki wazi kama funzo kwa ajaye. Wasichana wa zamu za usiku Bletchley walijifunza kwa njia hiyo, mmoja akiendeleza meza ya mwenzake, ila wao walitia saini karatasi ya kunyamaza maisha.

Si haki kumlaumu mtu kwa kuweka siri wakati wa vita. Kama Wajerumani wangejua, wangebadili mashine zao, na meli nyingi zaidi zingezama. Lakini vita vilikwisha 1945, Alexander alifariki 1974, na serikali zinazozoea kufunga makabati husahau kuyafungua. Katika miaka hiyo 29 mwalimu mmoja hodari wa hisabati, aliyependa kufundisha hata wanaoanza, alikuwa na somo ambalo hakuruhusiwa kulitoa. Alitumia jioni zake kuwafafanulia wasomaji michezo ya wengine. Kitabu chake kuhusu pambano la Bobby Fischer na Boris Spassky mjini Reykjavik, mwaka 1972, bado kinasomwa. Mwanawe Michael alikuwa balozi wa Uingereza katika NATO, na kabla ya hapo alishinda nishani ya fedha katika timu ya kupigana kwa vitara kwenye michezo ya Olimpiki ya mwaka 1960.

Banburismus yenyewe iliachwa mwaka 1943, bombe mpya zenye kasi zilipopatikana za kutosha. Iliaminika kwamba karatasi zake zote ziliteketezwa, kama sheria ya mahali pale ilivyotaka. Mwaka 2013, mafundi waliokuwa wakikarabati Banda Nambari 6, ambako Alexander alianzia, walikuta makaratasi yamesokotwa na kushindiliwa katika nyufa za paa. Miongoni mwake zilikuwamo karatasi za Banbury zenye matundu. Watu wa zamu walizitumia kuzuia upepo wa baridi.